Kipimo na Ungamo: Historia ya Kuichunguza Miili ya Wanafunzi Katika Handeni na Korogwe

Katika kikao cha bodi ya shule moja ya sekondari wilayani Korogwe, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa hapa, mjumbe mmoja aliye mzazi alileta hoja kwamba kila mwanafunzi apimwe mkojo mara mbili kwa mwaka, ili ijulikane ni nani anayetumia dawa za kulevya. Mama huyo hakuwa akifanya mzaha. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa amerudishwa nyumbani akiwa hasemi neno lenye maana, halali usiku, na akimwogopa hata mdogo wake. Alimpeleka Lutindi, akamwacha huko, akaja kikaoni siku ya nne. Alisema neno moja ambalo halijanitoka: "Kama mngalimpima Januari, ningalijua Januari."

Wajumbe walinigeukia mimi niliye mchungaji wa shule, wakitazamia kwamba nitaunga mkono, maana jambo la maadili hudhaniwa kuwa la mchungaji. Niliomba muda. Sababu ya kuomba muda ni aibu ya zamani ambayo nitaieleza mahali pake. Makala haya yametokana na muda ule nilioupewa. Yanakusudia kuonyesha kwamba hoja ya kuwapima wanafunzi si mpya katika nchi yetu hii ya bonde la mto Ruvu na vilima vya Uzigua. Kwa namna moja au nyingine tumekwisha kuichunguza miili ya watu hapa, na matokeo yake yanajulikana. Wachungaji na wanafunzi wa theolojia watakaoketi katika bodi za shule hawana budi kuyajua kabla ya kunyosha mkono.

Watoto wa Lutindi

Ni vema kuanza na Lutindi yenyewe, kwa kuwa ndiko alikopelekwa kijana yule, na kwa kuwa historia yake ni ya kanisa letu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya kufa kwa Kimweri ya Nyumbai wa Vuga, ufalme wa Wakilindi uligawanyika kwa vita. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde kwenye njia ya misafara. Uzigua nao ulikuwa umekwisha kuzoea njaa za mara kwa mara, na wakati wa njaa mtoto aliweza kuwekwa rehani kwa chakula, asikombolewe tena. Watu wa nchi hii waliteremshwa mpaka Pangani na kuvushwa kwenda Unguja. Huko sokoni mnunuzi alitazama meno, akashika misuli, akaamuru mtu akimbie na kurudi, naye aliyetazamwa hakuulizwa lolote. Naweka jambo hili hapa mwanzoni kwa makusudi. Mwili unaochunguzwa bila mwenyewe kuulizwa una historia katika bonde hili, na historia hiyo haijafutika kabisa katika lugha ya wazee wetu.

Mwaka 1896, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, Wajerumani wa Kiinjili walifungua Lutindi iwe nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa. Watumishi wake wengi walitoka katika jumuiya ya Bethel karibu na Bielefeld, kazi iliyoongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, ambako wagonjwa wa kifafa na wa akili walitunzwa kwa kazi, sala na makao ya kifamilia. Miaka michache baadaye watoto wa utumwa walipungua, na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ile ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki. Mpaka leo ipo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT.

Atembeleaye Lutindi leo huona jambo ambalo wale mashemasi wa kwanza hawakulitazamia. Miongoni mwa wagonjwa vijana, si wachache ambao ndugu zao husimulia habari za bhangi. Madaktari hutuonya tusiseme upesi kwamba bhangi ndiyo iliyoleta ugonjwa, kwa sababu mara nyingine kijana huvuta kwa kuwa ugonjwa umekwisha kuanza naye anatafuta utulivu. Lakini haikanushiki kwamba kuvuta kwa wingi katika umri mdogo huongeza hatari ya wazimu. Mama yule wa kikaoni hakuwa amekosea kuogopa.

Jani la bhangi na sheria yake

Jina lenyewe, bhangi, lilitujia kwa njia ya bahari kutoka Bara Hindi, na mmea wake ulikuwako katika Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya Wazungu. Richard Burton, aliyepita Korogwe mwaka 1857 akienda Vuga kumwamkia Kimweri, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya watu wa njia ya bara waliovuta bhangi kwa kiko cha maji, wakikohoa kwa kishindo. Mambo aliyoyaandika Burton juu ya Waafrika yana dharau nyingi, nasi hatulazimiki kuyameza yote. Ila yatosha kuonyesha kwamba bhangi haikuletwa na muziki wa Jamaika, kama wazazi wengi wanavyodhani.

Sheria ndiyo iliyokuja baadaye. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliingiza katani ya Kihindi, yaani bhangi, katika orodha ya vitu vya kuzuiliwa pamoja na afyuni, kwa kusukumwa hasa na Misri. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Shirika la Mataifa, nayo ikafuata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulikaza zaidi. Bunge letu lilitunga Sheria ya Dawa za Kulevya mwaka 1995, kisha mwaka 2015 likatunga nyingine badala yake, iliyozaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Katika sheria ya 2015 mirungi nayo imo, ingawa ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, ni zao halali la biashara. Hivyo jani lile lile ambalo ni mali Meru ni kosa Mombo.

Tofauti hii haikosi maana kwetu. Barabara kuu ya kutoka Moshi na Arusha hushuka kupitia Same, ambako mirungi hulimwa kwa siri milimani, hupita Mombo na Korogwe, na kukutana na barabara ya Tanga pale Segera, wilayani Handeni. Malori husimama, mabasi hupumzika, vijana wa bodaboda hukesha. Aliyekaa Segera saa nane usiku hahitaji kuelezwa jinsi mwanafunzi anavyopata kitu cha kutafuna.

Lakini njia peke yake haifanyi kijana avute. Korogwe ilikuwa nchi ya mkonge. Reli ya Tanga ilifika mjini mwaka 1902, na mashamba ya Magunga, Ngombezi, Mnyuzi na mengineyo yaliita manamba kutoka kila pembe ya Tanganyika, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kufikia miaka ya 1990 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hata chini ya tani 50,000, kwa sababu ya nyuzi za plastiki na pia, tuseme kweli, kwa usimamizi mbaya baada ya mashamba kutaifishwa. Makambi yalibaki na watu wake bila kazi yake. Pombe ya gongo, iliyokuwa kitulizo cha mkata mkonge siku ya mshahara, ikawa ndiyo biashara ya mjane wake.

Kisha zikaja shule za kata. Kuanzia mwaka 2004, na hasa baada ya 2006, sekondari zilijengwa kila kata, jambo la kumshukuru Mungu. Na tangu Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Katika wilaya yenye vijiji vilivyotawanyika kama Handeni, kata moja inaweza kuwa na mwendo wa saa tatu kwa miguu toka mwisho mmoja hadi mwingine. Wazazi walipanga vyumba karibu na shule, na watoto wa miaka 14 wakaishi peke yao, bila mkubwa, wakijipikia. Vijana huviita mageto. Mimi nimezuru vyumba hivyo kama mchungaji. Nimekuta godoro moja la watu watatu, jiko la mkaa, daftari, na pembeni chupa ambayo haikuwa ya mafuta ya taa. Mwenye kutaka kujua asili ya dawa za kulevya katika shule zetu na aanzie katika chumba hicho.

Kopo la plastiki

Sasa nifike kwenye aibu niliyoitaja. Nilipokuwa mchungaji kijana, karibu mwaka 2010, niliwekwa katika bodi ya shule moja wilayani Handeni. Kila waliporudi kutoka likizo, wasichana walipangwa mstari nyuma ya jengo la utawala, wakapewa kila mmoja kopo la plastiki, na muuguzi akawapima mimba. Wavulana walitazama toka madirishani. Hakuna sheria ya Bunge iliyoagiza jambo hilo. Lilikuwa desturi iliyoenea nchini, nalo lilitegemea kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alionekana ana mimba. Kikao chetu hakikuchukua hata nusu saa. Yeye mwenyewe hakuitwa. Mimi niliandika kumbukumbu za kikao, nikatia sahihi chini ya maneno kwamba bodi "imeridhia", kisha nikafunga kwa sala. Jumapili iliyofuata wazee wa usharika waliniletea jina lake ili atengwe na Meza ya Bwana, na hilo nalo likafanyika. Mwanamume aliyehusika alikuwa akijulikana mtaani. Hakuna aliyempa kopo.

Baadaye mambo haya yalisemwa kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mwaka 2013 kituo kimoja cha haki za uzazi kilichapisha uchunguzi mrefu juu ya upimaji huo wa lazima katika Tanzania. Mwaka 2016 sheria iliongezwa makali, na mwenye kumpa mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa mkoani Pwani, alitamka kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021, katika awamu iliyofuata, Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuwaruhusu warudi. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliona kwamba nchi yetu ilikuwa imevunja haki za wasichana hao, nayo ikataka upimaji wa lazima ukomeshwe.

Nauliza kama mwanahistoria: je, wakati wa miaka yote ile ya kopo la plastiki, mimba za wanafunzi zilikoma? Hazikukoma. Kilichotokea ni kwamba msichana aliyejihisi ana mimba hakungoja mstari wa Januari; alitoroka Desemba. Kipimo kiliwafundisha wasichana tarehe ya kukimbia. Na huyo mwalimu wa kike ambaye msichana angaliweza kumwendea kwa siri ndiye aliyekuwa ameshika daftari la majina. Katika maisha ya shule hiyo ndiyo hasara kubwa kupita zote, nayo haiandikwi katika taarifa yoyote.

Hapa kanisa lisijitoe. Sisi wenyewe tuliwahi kupima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake, sharika nyingi zilidai cheti cha UKIMWI kabla ya kutangaza ndoa. Kusudi lilikuwa jema, na wapo waliookolewa. Wapo pia waliobadilisha usharika, au waliokaa bila ndoa, ili wasisomwe katika uso wa mchungaji. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikataza mtu kulazimishwa kupimwa isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mwaka mmoja kabla yake, Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe walijitokeza hadharani Dar es Salaam wakapimwa kwa hiari, na watu wengi wakafuata. Njia hizi mbili, ya kulazimishwa na ya kujitokeza, zilipita mbele ya macho ya kizazi kimoja, nasi tuliona ni ipi iliyowaleta watu zahanati.

Waliotangulia katika jambo hili

Upimaji wa dawa za kulevya shuleni una historia fupi yenye mafunzo. Katika mji mdogo wa Vernonia, jimbo la Oregon nchini Marekani, shule zilianza kuwapima wanamichezo. Mvulana James Acton alitaka kucheza mpira, wazazi wake wakakataa kutia sahihi, kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1995 shule ikashinda kwa majaji sita dhidi ya watatu. Mwaka 2002, katika kesi ya Lindsay Earls wa Tecumseh, Oklahoma, msichana aliyekuwa mwanakwaya, mahakama iliruhusu kupimwa hata kwa wanafunzi wa shughuli nyingine za ziada, lakini safari hii kwa majaji watano dhidi ya wanne. Napenda wanakwaya wetu wajue kwamba kesi kubwa ya jambo hili ilihusu mwenzao.

Sheria ikaruhusu, je, dawa zikapungua? Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha shule zilizopima na zisizopima, wasione tofauti katika matumizi. Uchunguzi wa baadaye wa mwaka 2013 uliona kwamba palipopimwa bhangi ilipungua kiasi, bali dawa nyingine haramu zikaongezeka. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kikapinga kuenezwa kwa mpango huu.

Karibu zaidi na sisi ni Afrika Kusini. Sheria yao ya mwaka 2007 iliruhusu mkuu wa shule kupekua na kupima, lakini iliweka ua pande zote: pawepo shaka yenye msingi, anayepima awe wa jinsia moja na mwanafunzi, matokeo yawe siri, mzazi aarifiwe, na mtoto asishtakiwe mahakamani kwa sababu ya kipimo hicho. Ikiwa mtu ataniambia kwamba hapana budi tupime, ningemwomba aanze kwa kusoma ua huo.

Sisi wenyewe tuliuona upimaji usio na ua mwezi Februari 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipotaja hadharani majina ya watu aliowahusisha na dawa za kulevya, wasanii, wanasiasa, wafanyabiashara na hata kiongozi wa kanisa. Baadhi yao walichukuliwa mkojo. Majina yalisikika nchi nzima kabla ya matokeo, na matokeo yalipotoka hayakusikika kwa kadiri ile ile.

Kipimo kinaona nini

Inafaa mchungaji ajue chombo kinavyofanya kazi, asije akakiheshimu kupita kiasi. Kijiti kinachochovywa katika mkojo hakipimi ulevi wala tabia. Huonyesha mabaki ya kitu mwilini. Mabaki ya bhangi hushikamana na mafuta ya mwili, hivyo mvutaji wa kila siku aweza kuonekana hata baada ya wiki kadhaa tangu alipoacha. Heroini, ile iitwayo unga, huondoka kwa siku mbili au tatu. Pombe huondoka kwa saa chache. Mirungi hupita upesi, na vijiti vingi vya bei nafuu havikutengenezwa kuitafuta. Gundi na petroli havionekani kabisa. Zaidi ya hayo, dawa ya kikohozi yenye kodeini yaweza kumfanya mtoto mwenye mafua aonekane mla unga, mpaka sampuli ipelekwe kwenye maabara kubwa kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Basi tuweke mambo haya juu ya Handeni na Korogwe yetu. Wanafunzi hawa hutumia nini hasa? Gongo, mirungi, bhangi, na zamani viroba, ile pombe kali ya vifuko iliyopigwa marufuku Machi 2017. Katika orodha hiyo kijiti kitakamata bhangi tu kwa uhakika. Kijana mwerevu, nao ni werevu, ataacha bhangi ahamie gongo, ambayo ni kali zaidi na iko jirani zaidi. Na aliyevuta mara moja wakati wa likizo, akajuta, atakamatwa. Aliyelewa jana usiku atapita.

Maji ya uchungu

Kwa wanafunzi wa theolojia, jambo hili lina mizizi katika Maandiko. Hesabu 5:11–31 yaeleza jinsi mume mwenye wivu alivyomleta mkewe kwa kuhani, akanyweshwa maji yenye mavumbi ya hema, na mwili wake ukatoa hukumu. Katika Afrika Mashariki mababu zetu walikuwa na viapo vya moto na vya dawa vilivyofanana na hayo, na serikali za kikoloni zikavikataza. Mhubiri akisoma sura hii Uzigua haitaji kueleza sana; wazee huielewa upesi kuliko maprofesa.

Jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi ni mwisho wa desturi hiyo. Mapokeo ya marabi katika Mishna, kitabu cha Sota, yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai aliyakomesha maji ya uchungu katika karne ya kwanza, wakati wazinzi walipokuwa wengi. Sababu iliyotolewa ni Hosea 4:14, ambapo Mungu asema kwamba hatawaadhibu binti na wake, kwa kuwa wanaume wenyewe huenda na makahaba. Kwa maneno mengine, kipimo kilichomshika mmoja na kuwaacha wengine kilipoteza haki ya kuitwa kipimo cha Mungu. Niliposoma mahali hapo nilikumbuka wavulana wa madirishani kule Handeni.

Kanisa la Magharibi nalo lilikuwa na uchunguzi wake. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza kila Mkristo kuungama kwa padri wake angalau mara moja kwa mwaka. Mwaka 1521, akiwa mafichoni Wartburg, Martin Luther aliandika kupinga kwamba Papa ana mamlaka ya kuamuru ungamo. Machi 1522, aliporudi Wittenberg na kukuta wenzake wanataka kulifuta kabisa, aliwahubiria kwamba yeye hataki kulazimishwa kuungama, na hataki pia mtu amnyang'anye ungamo lake, kwa kuwa lilimfariji alipopigana na Shetani. Maungamo ya Augsburg ya 1530 yaliweka msimamo huo katika vifungu vya 11 na 25: ondoleo la dhambi la faragha libaki, lakini mtu asilazimishwe kuzihesabu dhambi zote.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba kifungu hicho cha 25 kinasema pia kuwa watu hawakupewa sakramenti kabla ya kuhojiwa na kufunguliwa. Ni kweli, wala sipendi kuificha. Baba zetu walihoji. Ila waliyemhoji aliweza kujibu kwa kinywa chake, na mwisho wa mahojiano ulikuwa ni ondoleo. Mkojo haujibu, wala aliyeshika kijiti hana ondoleo la kutoa. Mahali pekee nilipoona kipimo cha mkojo kikitumika kwa namna inayofanana na ungamo ni katika kliniki za methadoni, zilizoanza Muhimbili Februari 2011 na baadaye kufika Tanga. Pale mtu amekuja mwenyewe, anapimwa na watu wanaomtibu, na kipimo kikiwa kibaya anaambiwa arudi kesho.

Tulipokutana tena

Bodi ilipoketi mara ya pili nilisoma sehemu ya haya, kwa kifupi. Sikusema kwamba tusipime kamwe. Nilisema kwamba tukipima mstari mzima tutarudia kopo la plastiki. Bali mwanafunzi ambaye dalili zake zinaonekana, ambaye mzazi wake ameitwa, na ambaye ameahidiwa kwa maandishi kwamba hatafukuzwa kwa matokeo hayo, anaweza kupimwa hospitalini na mganga, si ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Mkuu wa shule, mtu mwenye haki na mchovu, aliuliza ni nani atakayelipa nauli ya kwenda hospitali. Swali lake lilikuwa la kweli, nasi tulikaa nalo zaidi ya saa nzima.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba mambo ya Wajerumani na ya marabi ni mazuri, lakini yeye anataka kujua kama mwaka ule kulikuwa na mtu mzima hata mmoja aliyemtazama mwanawe usoni. Tulipochunguza, tuligundua kwamba kijana alikuwa amepanga chumba karibu na stendi tangu kidato cha kwanza, na kwamba matroni na patroni wa shule hawakuwa na orodha ya vyumba hivyo. Bodi iliamua orodha ifanywe, na wazee wa sharika zilizo jirani, pamoja na masheikh wa misikiti ambao wana watoto wengi kutuzidi, waombwe kuvizuru kila wiki. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya vijiti, ambazo hazikuwa nyingi, zilihamishiwa kwenye bweni la wavulana, ambalo lingali halina paa.

Hoja ya kupima haikuondolewa. Imeahirishwa mpaka kikao cha Aprili. Kijana amerudi nyumbani kutoka Lutindi, anatumia dawa zake, naye ameniomba nimtafutie vitabu vya kidato cha tatu. Nilikwenda pia Handeni kumtafuta msichana niliyemtilia sahihi, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu. Nilimwambia nilichokifanya katika kikao kile ambacho yeye hakuitwa. Aliniuliza kama kumbukumbu zile bado zipo. Nilimwambia zipo. Alisema anataka kuzisoma, nami nimemwandikia barua mkuu wa shule kuziomba.